Bibi, wanafunzi na makumbusho: tutajuaje kama ziara inawafaa?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 6 hapa Amu, mji wa Lamu. Bibi yangu ana miaka 78. Alikuwa msusi wa mikeka, na tangu mwaka jana amekuwa akirudia maneno na kuchanganya majina ya wajukuu. Siku moja nilimpitisha Makumbusho ya Lamu, akasimama mbele ya vyombo vya jikoni akasimulia mambo ambayo sijapata kuyasikia nyumbani. Tangu hapo nina wazo la kuwapeleka wanafunzi wangu 40 pamoja na wazee wanane wa mtaani, mara kadhaa. Mkuu wangu wa shule ananiuliza kuna ushahidi gani kwamba jambo hili linawafaa wazee au watoto, na kwamba si matembezi tu. Sijui hata nianze kupima wapi. Naomba mwongozo."

Marahaba, Mwalimu. Kabla sijagusa habari ya makumbusho nataka tuzungumze juu ya bibi. Kwa ulivyoeleza, kusahau kwake kunakwenda polepole. Kama kungeanza ghafla, kwa siku tatu nne, ningekwambia uache kusoma hapa umpeleke hospitali, maana mtu mzima akichanganyikiwa ghafla mara nyingi ni maradhi ya mkojo, homa ya mapafu, kukaukiwa maji wakati wa kaskazi, au dawa zinazogongana, na hayo hutibika. Hata huko kwa polepole kunataka kuonwa na daktari. Mwombe apime presha na sukari, azitazame dawa zote anazomeza, na amwangalie masikio na macho. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya 2024, ilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau ambayo yanaweza kufanyiwa kitu, na miongoni mwao ni kupungua kwa kusikia na kwa kuona kusikotibiwa. Nimewaona wazee wakihesabiwa kuwa wamesahau, kumbe hawakusikia walichoambiwa. Ukimpeleka bibi makumbusho naye hasikii upande mmoja, utakuwa unapima masikio ukidhani unapima kumbukumbu.

Sasa swali la mkuu wako. Kwa watoto ushahidi upo na una nguvu. Kwa wazee upo upande wa mazungumzo, furaha na utulivu wa moyo, lakini upande wa kumbukumbu yenyewe ni mwembamba. Usimwahidi mtu yeyote kwamba kuona kinu cha kale kutarudisha majina ya wajukuu.

Utafiti wa watoto ninaouheshimu sana ulifanywa Marekani. Mwaka 2011 jumba la sanaa la Crystal Bridges lilifunguliwa katika mji mdogo wa Bentonville, jimbo la Arkansas. Shule zilizoomba kwenda zilikuwa nyingi kuliko nafasi. Watafiti Jay Greene, Brian Kisida na Daniel Bowen wakaitumia shida hiyo kama mizani: wakapiga kura ya bahati. Walioshinda walikwenda kwanza, walioshindwa wakangoja zamu yao, na wote wakapimwa kabla ya hao wa pili kwenda. Walifikia wanafunzi karibu 11,000 kutoka shule 123. Kwa kuwa ni kura iliyowagawa, hakuna aliyeweza kusema kwamba waliokwenda walikuwa watoto wa wazazi wenye kujali zaidi au wa walimu wenye bidii zaidi. Wiki kadhaa baadaye, asilimia 88 ya walioonyeshwa mchoro mmoja wa watu wakipika sukari ya miti kambini bado walikumbuka kwamba watu wale walikuwa wapinzani wa utumwa, wakijitengenezea sukari yao ili wasinunue ile iliyotokana na jasho la watumwa. Na walipopewa mchoro mgeni kabisa, waliokuwa wamekwenda waliuchungua kwa makini zaidi na kutoa sababu za wanayoyasema. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa mashambani na wa shule zenye umaskini. Mwonyeshe mkuu wako hilo la mwisho. Mtoto wa mjini mkubwa ana njia nyingi za kuona mambo. Wako huenda hana nyingine.

Kwa wazee majaribio ni mengi, na nitayapitia haraka. Jumba la MoMA la New York lilianza mwaka 2006 kuwapokea watu wenye ugonjwa wa kusahau pamoja na walezi wao, siku ambayo jumba limefungwa kwa umma, wakitazama kazi chache bila haraka. Liverpool walianzisha mwaka 2012 mradi wa House of Memories, unaowafundisha walezi namna ya kufungua mazungumzo kwa kutumia vitu vya zamani. Chuo kikuu cha UCL cha London kilipeleka vitu vya makumbusho kando ya vitanda vya wagonjwa hospitalini, na walioshika vitu vyenyewe walipata nafuu ya moyo kuliko waliotazama picha tu. Hilo la kushika liweke akilini.

Ila ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, miongoni mwa wazee wa huku huku Afrika Mashariki. Watafiti walihesabu nyumba kwa nyumba na kukuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau. Kisha wakachukua mazoezi ya kuchangamsha akili yaliyotungwa Uingereza, vikao 14 vya kikundi kwa wiki saba, wakayabadilisha yaendane na wazee wasiosoma: nyimbo zao, vyakula vyao, kazi walizofanya. Wazee walionyesha nafuu. Si tiba, lakini ni nafuu iliyopimwa, na iliongozwa na wahudumu wa afya wa hapo hapo. Hai pia ndiko kulikotungwa kipimo kifupi cha akili kwa ajili ya watu ambao hawakwenda shule, kwa sababu vile vya kigeni humtaka mtu aandike sentensi, achore umbo, au ahesabu kutoka mia akirudi nyuma kwa saba saba. Msusi wa mikeka anayejua kugawa mistari ya ukili kwa jicho tu anaweza kuanguka mtihani huo akiwa na akili timamu. Kwa hiyo, Mwalimu, tafadhali usichukue karatasi ya kupima kumbukumbu kwenye intaneti ukawapa wazee wako wanane. Utawaaibisha, na utakachopata hakitakuwa na maana.

Nina jambo moja ambalo sikubaliani nalo katika barua yako, nalo ni neno "kuwapeleka". Unawaona wazee kama wageni watakaotembezwa. Mjini Baltimore kulikuwa na mradi uitwao Experience Corps, ambao Linda Fried na wenzake waliufuatilia kwa miaka. Watu wenye miaka 60 na zaidi, wengi wao wa kipato kidogo, walikwenda shule za msingi kuwasaidia watoto wa madarasa ya mwanzo kusoma. Walifanya hivyo saa 15 kila wiki, mwaka mzima wa masomo. Mwito wenyewe haukuwa juu ya afya zao kwanza. Waliambiwa watoto wanawahitaji. Walitembea zaidi, walipata marafiki zaidi, na katika uchunguzi mmoja mdogo wa mwaka 2009, picha za ubongo za wanawake wachache zilionyesha sehemu ya mbele ikifanya kazi zaidi kuliko ya wenzao waliokuwa wakingoja zamu. Walikuwa wachache mno kujengea jumba la hoja, lakini mwelekeo wake unalingana na ninayoyaona Pwani hii kwa miaka mingi: mzee anayeburudishwa husinzia, mzee anayehitajiwa huamka.

Basi wape wazee wako kazi ya kuongoza, na wanafunzi wawe wageni wao. Bibi yako hakusimulia mbele ya vyombo vile kwa kuwa makumbusho yalimtibu. Alisimulia kwa sababu pale, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, yeye ndiye aliyejua na wewe ndiwe usiyejua. Nyumbani kila mtu humsahihisha. Pale hakuna wa kumsahihisha.

Na mikono yake ina elimu ambayo maradhi haya huichelewa sana. Kumbukumbu ya majina na ya jana hutangulia kupotea. Kumbukumbu ya kazi ya mikono hudumu. Mpe miyaa. Huenda akakosea jina lako mara tatu huku vidole vikisuka ukili ulionyooka. Ndiyo maana nasema vioo vya makumbusho havitatosha. Siwa, ile baragumu ya kale, hutaigusa, na ni haki iwe ndani ya kioo. Lakini kifumbu, mbuzi ya nazi, ungo, kinu na mchi bado vimo majumbani mwetu, vingine vimetupwa juu ya dari. Ombeni watu wa makumbusho ruhusa ya kuja na vyenu na kukaa mkekani karibu na vile vya maonyesho. Mtoto atazame cha ndani ya kioo, kisha ashike cha nje, na bibi amwonyeshe tui linavyokamuliwa. Leteni na asumini, na kipande cha udi. Harufu hufungua milango ambayo swali haliwezi kuifungua.

Sasa kupima. Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu lilinifundisha kuliko kitabu. Miaka mingi iliyopita niliwatembeza wazee kwenye jengo moja la kale hapa Pwani, na mwishoni nikapita na karatasi: Je, umefurahi? Je, ungependa kurudi? Wote walijibu ndiyo. Nikaandika matokeo mazuri. Siku ya tatu binti wa mmoja wao aliniambia mamake amelala tangu siku ile, miguu imevimba kwa ngazi, na hataki kusikia habari ya safari nyingine. Nilikuwa nimempima mama yule adabu yake. Wewe unawajua watu wetu. Mtu ana homa, umwulize hali, atakwambia njema, alhamdulillahi. Mwenyeji amekualika, ukamwambia hukufurahi? Mtu aliyelelewa hapa hawezi. Maswali ya aina hiyo huko Ulaya huenda yakapata majibu yenye ukweli kiasi. Kwetu hayapati kitu.

Kwa hiyo usiulize. Tazama, uhesabu. Na kwa wanafunzi nakushauri uhesabu kitu kimoja kuliko vyote: swali la pili. Swali la kwanza mtoto analo tayari, umempa wewe darasani. "Bibi, hiki ni nini?" Anajibiwa ni kifumbu, anaandika, anasema ahsante, anapita. Huyo amekusanya neno. Mwingine anajibiwa hivyo hivyo, ananyamaza kidogo, kisha: "Sasa machicha yakibaki mliyafanya nini?" Swali hilo hakuja nalo. Limezaliwa kwenye jibu la bibi, na halizaliwi bila kusikiliza na kufikiri. Mweke mwalimu mwenzako aketi kando na daftari, kila kikundi dakika 20, apige mstari kwa kila swali la pili. Ukilinganisha ziara ya kwanza na ya tatu utaona kama wanabadilika.

Hiyo peke yake haimtoshi mkuu wako, maana atasema watoto walizoea tu. Ndipo tunaazima kura ya Arkansas. Andika majina 40 kwenye vikaratasi, viweke ndani ya kofia, uchague 20 mbele ya darasa zima ili pasiwe na manung'uniko. Hao waende mara tatu katika wiki tatu. Wengine 20 wangoje, wakijua zamu yao inakuja, na uitimize ahadi hiyo. Kabla ya kundi la pili kuanza, wape wote 40 picha ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, chombo cha kale kutoka bara kwa mfano, waandike majibu ya maswali matatu: Unaona nini? Umeona nini hata ukasema hivyo? Ungependa kumwuliza jambo gani aliyekitumia? Karatasi ziwe na namba bila majina. Wape walimu wawili wasiojua nani amekwenda na nani amengoja, kila mmoja asahihishe peke yake kwa vigezo mlivyokubaliana mapema. Wakitofautiana sana, tatizo ni vigezo, si watoto. Vitengenezeni kabla ya kuendelea.

Waliokwenda watawahadithia wenzao, hilo huwezi kulizuia katika darasa moja, wala usijaribu. Litapunguza tofauti utakayoiona, halitaiongeza, kwa hiyo halikudanganyi kwa upande wa hatari. Linalodanganya ni udogo wa idadi. Ishirini kwa ishirini ni wachache. Tofauti ndogo yaweza kuwa bahati ya kura. Ukipata tofauti kubwa, sema ni dalili njema, na umtafute mwalimu wa Shela au Matondoni arudie jambo lile lile na wanafunzi wake. Matokeo mawili yanayofanana kutoka shule mbili yana uzito kuliko jedwali moja lenye namba za kupendeza.

Kwa wazee usipige kura. Ni wanane, kila mmoja na hali yake: mmoja presha, mmoja magoti, mmoja amefiwa juzi. Kumlinganisha huyu na yule ni kulinganisha dau na jahazi. Mlinganishe kila mzee na nafsi yake. Wiki mbili kabla ya ziara ya kwanza, mtu anayeishi naye, awe binti, mjukuu au mkaza mwana, aanze kuandika kila usiku mistari mitatu: leo ameanzisha maneno mwenyewe bila kuulizwa mara ngapi? Leo amekula na wenzake au peke yake? Leo ametoka, hata kama ni mpaka barazani tu? Na mstari wa nne uwe wa mabaya: ameudhika, amekataa kula, ameumwa miguu, hakulala. Bila mstari huo utarudi kwenye kosa langu. Daftari liendelee wiki zote za ziara na wiki tatu baada ya kwisha.

Katika yote hayo, hilo la kwanza ndilo ningelitazama zaidi. Maneno anayoyaanzisha mwenyewe yana kiasi kile kile cha ukweli kama swali la pili la mtoto: hakuna aliyemwomba. Mzee aliyekuwa akijibu tu, siku akaanza kumwita mjukuu, "Ndoo nikwambie," yaani njoo nikwambie, kuna kilichosogea. Ukikuta linatokea siku za ziara tu na kuzimika kesho yake, nalo ni jibu. Litakwambia kwamba shida si makumbusho, ni ukimya wa nyumba, na dawa yake haihitaji tiketi.

Kuhusu siku yenyewe sitasema mengi, unaujua mji wako kuliko mimi. Asubuhi, saa mbili na nusu, kabla jua halijapanda na kabla wageni hawajajaa. Watoto wana chuo cha Kurani jioni, na Ijumaa iacheni. Vitu vitatu kwa ziara moja, visizidi. Tangu mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Boston alionyesha kwa picha jinsi watu wanavyochoshwa na kuinama na kupinda shingo mbele ya makabati, na aliyepinda pale alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Baadaye Beverly Serrell aliwafuatilia wageni katika maonyesho zaidi ya mia moja na kukuta kwa kawaida hawafiki hata dakika 20 ndani ya onyesho. Viti viwepo kabla ya wazee kufika. Choo kijulikane kilipo. Msipandishe mtu ghorofani kwa ajili ya mandhari. Kama kuna mzee anayetoka ng'ambo kwa mashua, tazameni maji. Wakati wa kupwa atalazimika kushushwa mbali na gati, na kumbeba mtu mzima mgongoni mbele ya watoto si heshima.

Umetaja Makumbusho ya Lamu, ile ya ufuoni, na nadhani hapo na Nyumba ya Waswahili ndipo pa kuanzia. Ngomeni pana nafasi, na pale Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, kila mzee ana lake la kusema. Lakini kumbuka ngome ile ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Mtu mwenye miaka 78 leo alikuwa mtu mzima wakati milango ile ikifungia watu. Huenda kakake aliingia pale, huenda babake. Mwulize kwanza, kwa faragha, nyumbani kwake, si mlangoni watoto wakisubiri.

Na kuna jambo zito zaidi. Amu ilikuwa na wangwana, na ilikuwa na watu waliotumikishwa na wangwana hao. Kinu kile kile kinamkumbusha bibi mmoja harusi ya dadake, na kinamkumbusha mwingine nyanya yake aliyetwanga kwa ajili ya nyumba isiyokuwa yake. Watoto wa darasa lako wametoka pande zote mbili, wengine bila kujua. Sisemi mlikwepe. Wale watoto wa Arkansas walikumbuka habari ya sukari na utumwa kuliko mengi mengine, kwa kuwa lilikuwa jambo la kweli. Nasema mzee mwenyewe ndiye aamue atasimulia nini, na akisema "hilo tuliache", mtoto ajue kuacha. Wafundisheni hilo darasani kabla hamjatoka. Kunyamaza kwa wakati wake ni sehemu ya kuuliza.

Picha na video, kuwa mkali. Mimi nakaa Malindi, na bara ya huku kwetu Kilifi kuna wazee waliouawa au kufukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi, mara nyingine kwa sababu ya mvi tu, au mashamba, au kwa sababu wameanza kusema yasiyoeleweka. Kaya Godoma, Ganze, kuna hifadhi ya wazee wa aina hiyo. Amu si Ganze, najua. Lakini video ya mzee akichanganya maneno ikishaingia kwenye simu za watu haijui mipaka ya kaunti. Rekodi sauti kwa idhini, ikae shuleni, isitumwe kwenye kikundi chochote. Bibi akikubali Jumatatu, mwulize tena Alhamisi. Mwenye ugonjwa huu idhini yake huombwa upya kila mara, na uso wake ukikunjamana umeshakujibu, hata kama ulimi umesema sawa.

Upande wa sheria, ukifanya hili kama kazi ya darasa na kuboresha ufundishaji wako, ruhusa ya mkuu wa shule, wazazi, wazee na makumbusho itakufikisha. Ukitaka kuliandika kama utafiti na kulitangaza, utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti na inataka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto. Ungana na mtu wa chuo kikuu kwa hatua hiyo, usijibebeshe peke yako. Na kama mtu atakuuliza kwa nini wazee wahusishwe na mambo ya shule, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Mtaala wa umilisi nao unataka wanafunzi wajifunze kwa jamii yao. Mkuu wako anayajua haya. Mkumbushe tu kwa upole.

Mwambie pia kwamba huu ni utafiti tumizi, yaani unafanywa ili mtu aamue jambo. Yeye ana uamuzi wake: kama saa tatu za masomo kwa wiki tatu zinalipa. Makumbusho yana wao: viti viwekwe wapi, na maneno gani ya wazee yaongezwe kwenye maelezo ya vyombo. Familia ya bibi ina wake: kama wamwachie achoke kidogo asubuhi ili achangamke jioni, au wamwache apumzike. Mwandikie kila mmoja uamuzi wake kwenye karatasi moja, na uandike pembeni matokeo gani yatakufanya useme "tuache". Andika hayo kabla ya ziara ya kwanza, uyatie tarehe. Mtu akishaona watoto wakicheka na bibi akitabasamu, hawezi tena kujiwekea mpaka wa haki.

Anza na daftari la bibi usiku wa leo. Mistari minne tu, na usimwambie unahesabu maneno yake; mwambie unaandika anayokufunza, ukaandike hayo pia, maana itakuwa kweli. Zikitimia wiki mbili, niletee kabla hujamchukua mtu yeyote makumbusho. Nitakuwa Amu siku za Maulidi, tutalisoma pamoja.